Jengo la Nani? Majina ya Viongozi Kwenye Majengo ya Umma Nchini Kenya

Katiba ya Kenya iliyoidhinishwa mwaka 2010 ina kifungu kifupi ambacho aghalabu husahauliwa. Kifungu cha 231(4) chasema kwamba noti na sarafu zitolewazo na Benki Kuu zaweza kubeba taswira zinazoiashiria Kenya au jambo lolote la Kenya, ila zisiwe na picha ya sura ya mtu yeyote. Mkenya wa kawaida hakuhitaji wakili wa kumfafanulia maana ya maneno hayo. Alikuwa ameishi miaka mingi na sura ya Mzee Jomo Kenyatta mfukoni, kisha sura ya Daniel arap Moi, na hata Mwai Kibaki alitokea kwenye sarafu ya shilingi 40 mwaka 2003. Katiba ikasema basi.

Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018, na noti mpya zikafuata Juni 2019. Kwenye kila noti palichorwa Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, yaani KICC, na mbele ya jumba hilo ikaonekana sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi. Wanaharakati walikwenda mahakamani wakidai kwamba Katiba imekiukwa. Mahakama Kuu ililikataa ombi lao mwaka uo huo. Makala haya hayakusudii kuikosoa hukumu hiyo. Yanakusudia kuuliza swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuwaachia wanasheria: ilikuwaje sura iliyoondolewa na Katiba ikarudi kwa njia ya jengo? Jibu ni kwamba tuliweka kanuni juu ya fedha, tukaweka kanuni juu ya siku za taifa, ila majengo tukayaacha bila kanuni. Nami nadai kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa vyema bila ya kuzingatia jinsi Kiswahili chenyewe kinavyolishughulikia jina la mtu linapofuata jina la kitu.

Mamlaka yaliyotawanyika

Tuanze na siku. Kabla ya mwaka 2010, tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta na tarehe 10 Oktoba iliitwa Siku ya Moi. Kifungu cha 9 cha Katiba kilizitaja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Kenyatta ikawa Siku ya Mashujaa. Nomino ya pekee ikaipisha nomino ya kawaida, tena ya wingi. Siku ya Moi haikutajwa, ingawa mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kuwa ingali sikukuu kwa mujibu wa Sheria ya Sikukuu za Umma. Hatimaye ilibadilishwa jina mara kadhaa, ikawa ya Huduma, kisha ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa ya Mazingira. Mwelekeo wa mabadiliko haya yote ni mmoja: kutoka kwa mtu kuelekea kwa jambo.

Majengo hayakupitia mkondo huo. Kila aina ya jengo ina mlango wake wa kupatia jina. Vyuo vikuu vya zamani vilipewa majina na Bunge lenyewe. Sheria ya Chuo Kikuu cha Moi ilipitishwa mwaka 1984, wakati mwenye jina akiwa Ikulu. Vyuo vya sasa hupata jina katika hati ya kuanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mitaa na barabara za mijini zilikuwa chini ya mabaraza ya miji, na leo serikali za kaunti ndizo zenye usemi. Viwanja vya ndege na hospitali kuu huitwa kama Serikali Kuu inavyotaka. Ukishuka hadi mashinani, si ajabu kukuta bweni la shule, zahanati au tangi la maji lenye jina la mbunge ambaye bado anaomba kura.

Ziko sheria zinazoligusa suala hili kwa mbali. Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, ambayo ni ya tangu wakati wa uhuru, huzuia majina na sura fulani zisitumiwe ovyo katika biashara na kazi za kitaaluma. Kwa hiyo mwenye duka anaambiwa asilichezee jina la mkuu wa nchi. Serikali yenyewe haiambiwi neno. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, katika kifungu cha 14, inakataza serikali kutangaza mafanikio yake kwa mabango na katika vyombo vya habari wakati wa uchaguzi. Lakini jina lililochongwa juu ya lango la hospitali ni tangazo lisiloshushwa, msimu wa uchaguzi uje au uende.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili waziwazi. Ufilipino ilipitisha sheria mwaka 1954 iliyokataza shule, majengo ya umma, barabara, madaraja na taasisi nyingine za serikali kupewa majina ya watu walio hai. Malawi, kwa upande mwingine, inatuonyesha yanayotokea pasipo na kanuni. Uwanja wa michezo wa Blantyre uliitwa Kamuzu, kwa jina la Rais Kamuzu Banda. Bakili Muluzi alipoingia madarakani mwaka 1994, serikali yake iliuita Chichiri. Bingu wa Mutharika alipomrithi mwaka 2004, jina la Kamuzu likarudishwa. Uwanja ni ule ule. Kilichobadilika ni aliyekalia kiti.

A-unganifu na hisia ya umiliki

Kiingereza huweka jina la mtu kando ya jina la jengo bila ya kiungo chochote, na msomaji huachiwa akisie uhusiano wao. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo kwa urahisi. Kwa kawaida chataka a-unganifu: chuo kikuu *cha* Moi, uwanja *wa* Kasarani, barabara *ya* Mombasa. Nasi twajua kutoka darasa la kwanza la sarufi kwamba a-unganifu hubeba maana nyingi. Huonyesha umiliki (nyumba ya Juma), matumizi (chumba cha kulala), kitu kilichotumiwa kutengenezea (kiti cha mbao), uelekeo (barabara ya Mombasa) na mada (hadithi ya Sungura). Maana ya kumbukumbu, yaani kitu kinachoitwa hivyo kwa heshima ya fulani, ipo pia, lakini ni changa na ni dhaifu. Jina la mtu likifuata a-unganifu, maana ya kwanza kumjia msikilizaji ni umiliki.

Chukua hospitali kubwa kuliko zote nchini. Ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya Waafrika chini ya wakoloni, katika miaka ya 1950 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Vyombo vyetu vya habari huiita Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hapo pana a-unganifu mbili zinazofuatana. Ya kwanza yasema hospitali ni ya kitaifa. Ya pili yasema ni ya Kenyatta. Kisarufi hakuna kosa, kwani ya kwanza huonyesha aina na ya pili hutaja jina. Hata hivyo, mtu aliyekesha kwenye foleni ya hospitali hiyo na mgonjwa wake ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili inayomhusu yeye.

Mtu aweza kunijibu kwamba hii ni hofu ya mwanasarufi, kwamba hakuna Mkenya anayedhani familia ya Kenyatta inamiliki hospitali. Nakubali. Lakini tuangalie jinsi wasemaji wanavyotumia umbo linalokaribiana na hili, yaani *kwa*. Nairobi kuna Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben. Hapa wananchi hawakumsubiri diwani. Waliita mahali kwa jina la mtu aliyejulikana pale, kama vile tusemavyo twaenda kwa mjomba. Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa ulipewa jina la Benjamin Mkapa alipofariki Julai 2020. Haukupita muda mrefu mashabiki wa kandanda wakawa wanasema mechi itachezwa *kwa Mkapa*. Uwanja wa *Taifa* umekuwa nyumbani kwa mtu, na wageni wanaokuja kucheza wanaonywa kwamba wanaingia kwa mwenyewe. Ni matumizi matamu ya lugha, na sina nia ya kuwanyima mashabiki utamu wao. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba masikio ya Waswahili husikia umiliki hata pale ambapo mtoa jina alikusudia kumbukumbu.

Hoja hii ina uzito zaidi mwenye jina anapokuwa bado ofisini. KICC ilipofunguliwa mwaka 1973, Mzee Kenyatta ndiye aliyekuwa Rais, na ujenzi ulikuwa umebuniwa kwanza kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Jumba liliendelea kuwa mikononi mwa chama hicho hadi mwaka 2003, serikali ya NARC ilipolichukua. Kwa muda wa miaka thelathini, basi, swali la "jumba la nani?" halikuwa la kisarufi peke yake. Jina la kiongozi, chama cha kiongozi na mali ya umma vilikuwa vimefungwa katika fundo moja, na kulifungua kulihitaji kushindwa kwa chama katika uchaguzi.

Afya, Ardhi, Maji, Sheria

Jambo la kufurahisha ni kwamba kanuni bora zaidi tunayo, ingawa haikuandikwa popote. Tembea katikati ya Nairobi na maeneo ya karibu usome majina ya majengo ya wizara na idara: Afya House, Ardhi House, Maji House, Kilimo House, Sheria House, Harambee House. Mombasa kuna jengo la Uhuru na Kazi. Haya ni majina ya Kiswahili yaliyobandikwa neno la Kiingereza, na watetezi wa usanifu wa lugha wamekuwa wakiyakejeli kwa sababu hiyo. Mimi nadhani tumeyakejeli mno tukasahau sifa yake kuu. Mwananchi kutoka kijijini anayetafuta hati ya shamba lake akiambiwa aende Ardhi House, ameshaelezwa nusu ya safari. Jina linamtaja yeye na shida yake. Halimtaji waziri.

Hata hivyo, nomino ya kawaida si kinga kamili, na hapa ndipo msomi wa Kiswahili anapaswa kuwa macho zaidi kuliko mwanasheria. Jogoo House ni jina la ndege afugwaye, lakini jogoo alikuwa nembo ya KANU. Na kuna neno *nyayo*. Katika ngeli ya U-ZI, unyayo ni alama ya mguu, nyayo ni wingi wake. Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, na muda si muda neno likawa lakabu yake mwenyewe. Likaenea: Uwanja wa Nyayo, wadi za Nyayo katika hospitali za wilaya, mabasi ya Nyayo, maeneo ya chai ya Nyayo, hata gari la Nyayo. Kanuni yoyote ambayo ingekataza "jina la Rais aliye madarakani" kuwekwa juu ya jengo isingeyagusa hayo yote, maana nyayo si jina la mtu katika kamusi yoyote.

Kisha kuna Nyayo House. Katika miaka ya 1980 vyumba vya chini ya jengo hilo vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali, na mwaka 2003 vilifunguliwa ili umma uvione. Tangu hapo, na kwa walioteswa tangu kabla ya hapo, neno hili haliwezi kusikika tena kama linavyosikika katika usemi wa kawaida wa kufuata nyayo za wazazi. Kwa kawaida tunahofia jina baya litalichafua jengo. Nyayo House inatuonyesha kwamba jengo pia huweza kulichafua neno, na neno lenyewe ni mali ya wasemaji wote, halikuwa la Rais wala la wizara.

Kinyume chake pia hutokea, tena kwa namna ya kuchekesha. Bustani ya Uhuru na Barabara Kuu ya Uhuru zilipewa majina hayo katika muongo wa kwanza wa uhuru. Uhuru Kenyatta alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 2013, vizazi vya shule za msingi vilivyokuja mjini kwa ziara viliweza kudhani kwa moyo mweupe kabisa kwamba bustani ilipewa jina lake. Mwalimu asiyewaeleza tofauti ya nomino ya kawaida na ya pekee alikuwa amewanyima pia somo la historia.

Watu nao wana majina yao. Hospitali kubwa ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969; kwa muda mrefu iliitwa rasmi Hospitali Kuu Mpya ya Nyanza, na sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wakazi waliiita Russia, na wengi wangali wanaiita hivyo. Kasarani nayo ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 na kupewa jina la Moi. Mwaka 2013 kampuni ya Safaricom ikanunua nafasi ya jina kwa muda. Shabiki anayepanda matatu hakumtaja Rais wala kampuni, alisema anaenda Kasarani. Na mwaka 2021 bango lenye jina la kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliye hai, lilipowekwa kwenye barabara moja ya Kileleshwa, liling'olewa, likarudishwa, likachomwa moto. Sishabikii uharibifu wa mali. Lakini ni wazi kwamba pasipo na utaratibu wa kuwasikiliza watu kabla ya bango kusimikwa, watu husema baada ya bango kusimikwa.

Kanuni ya namna gani?

Sharti la kwanza ni jepesi kulieleza na gumu kulipitisha: afisa wa umma asipewe jengo la umma akiwa hai. Hoja ya wapinzani ni kwamba mtu apewe heshima yake akiwa anaweza kuiona. Ni hoja yenye utu, nami nisingeipuuza kama ingekuwa inawahusu wakunga, walimu na wanariadha. Afisa wa umma yuko katika hali tofauti, kwa sababu yeye au wenzake ndio wanaotoa jina, na fedha zilizojenga ni za walipa kodi. Aliyefungua jengo tayari ana jiwe la ufunguzi ukutani lenye jina lake, cheo chake na tarehe. Hilo latosha.

Kifo pekee hakitoshi pia. Uwanja wa Dar es Salaam uliotajwa hapo juu ulibadilishwa jina katika siku za maombolezo yenyewe, na katika siku kama hizo hakuna anayeweza kusimama kuuliza. Huenda Mkapa alistahili. Ujenzi wa uwanja ulianza katika utawala wake. Ninachohoji ni kasi. Tazama ilivyokuwa kwa majina ambayo yamekaa bila kelele nyingi. Masinde Muliro alifariki mwaka 1992, chuo kikuu cha Kakamega kikapata jina lake mwaka 2007. Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957, chuo kikuu cha Nyeri kikapata hati chini ya jina hilo mwaka 2012. Kisa cha Kimathi kina ajabu yake, maana mtaa wa Nairobi ulikuwa na jina lake kwa miongo kadhaa ilhali Mau Mau ilikuwa bado kundi haramu kisheria hadi mwaka 2003. Muda wa kungoja, tuseme miaka kumi, huwapa watafiti nafasi ya kufungua majalada na huwapa waombolezaji nafasi ya kutulia. Muda huo pia humwondoa ofisini, kwa kiasi kikubwa, yule ambaye angetaka kujipendekeza kwa familia ya marehemu.

Kuhusu nani aamue, Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Sioni kwa nini ujenzi wa soko uitiwe mikutano ya hadhara na jina la soko litolewe na mtu mmoja akiwa jukwaani.

Majina yaliyopo nisingependa yafutwe kwa jumla. Kufuta kila Kenyatta na kila Moi kungekuwa kurudia mchezo wa Malawi, na wahitimu wenye vyeti vya vyuo hivyo wangesumbuliwa bure. Nyayo House hasa yafaa ibaki na jina lake, pamoja na maelezo ya yaliyotendeka humo, kwa Kiswahili, mahali ambapo anayekuja kuomba pasipoti atayasoma.

Limebaki moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, majina ya majengo husajiliwa kwa Kiingereza, na tafsiri huachiwa mhariri wa zamu. Ndiyo maana hospitali moja huwa ya Kitaifa leo, Kuu kesho, na ya Taifa wiki ijayo. Sheria ya majina ingepaswa kudai umbo la Kiswahili liandikwe siku ile ile, na umbo hilo lichaguliwe na watu wanaojua uzito wa a-unganifu. Njia ipo. Tanzania wana Hospitali ya Taifa Muhimbili. A-unganifu moja tu, ya taifa, kisha jina limewekwa kando bila kiungo. Tukilifuata umbo hilo tungesema Hospitali ya Taifa Kenyatta. Jina la Mzee lingebaki, na hospitali ingekuwa ya taifa. Chama chetu chaweza kuanza kwa kukusanya maumbo yanayotumika sasa magazetini, redioni na kwenye vibao, jengo moja baada ya jingine, ili siku mswada utakapoandikwa pawe na kitu cha kuwasilisha mbele ya kamati ya Bunge.